UZI: Tumeshinda zizini na watoto siku nzima, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kama unapanga kupeleka wanao kuona mifugo pita hapa kwanza

Baba Wawili (mleta uzi)

Habari zenu wadau wa makao makuu. Wiki hii nimeona watu kama watatu wanauliza ukiwa Dodoma mtoto mdogo unampeleka wapi wikiendi, na majibu ni yaleyale, bembea, chipsi, juisi ya boksi, mnarudi nyumbani. Mi nina wawili, wa kike miaka 6 na wa kiume miaka 3 na kitu, tumehamia huku kikazi, tumepanga Kisasa nyumba ya geti, yaani mnyama wanayemjua wa karibu ni paka wa jirani. Tukipita Ihumwa tukakuta kundi linavuka barabara yule mdogo anashangilia "mbwa! mbwa kubwa!" na wale ni ng'ombe. Iliniuma. Tunaishi Ugogoni, katikati ya wafugaji, na mtoto hamjui ng'ombe.

Tumeenda mara mbili, sehemu mbili tofauti. Nazieleza zote mbili maana ile ya kwanza ina mafunzo zaidi kwa mzazi kuliko ya pili.

Ya kwanza ni sehemu ya kulipia, siitaji jina. Tulifika saa saba mchana baada ya kutoka kanisani na kula, jua limewaka, wanyama wote wamejikunyata kwenye vivuli hawataki mtu. Sungura walikuwa kwenye banda la waya upande unaopigwa na jua, kopo la maji limekauka kabisa, na watu wanawapitishia biskuti na kripsi kwenye matundu. Kuna punda mmoja wa kupandisha watoto, foleni ndefu, zamu yetu ilipofika yule kijana akamnyanyua dogo bila kumwambia neno akamketisha juu, na mimi badala ya kumzuia nikawa nimeshika simu namwambia "cheka tupige picha". Mtoto alilia mpaka akatapika. Hilo kosa nalibeba mimi, sio yule kijana, mimi ndo baba yake. Tukaenda kunawa mikono bomba halina maji. Wiki mbili nzima baada ya hapo dogo akisikia hata kuku analia huko nje anakuja kunikumbatia mguu.

Ya pili ndo ilinifanya nianzishe uzi. Mfanyakazi mwenzangu ana mjomba wake anakaa ukishapita Ihumwa unashika barabara ya Hombolo. Sio sehemu ya utalii, ni kwa mtu. Mzee ana ng'ombe kumi na moja, mbuzi na kondoo kama hamsini hivi, punda wawili, kuku na kanga wanazurura. Nikampigia, nikajitambulisha, nikamwomba tuje watoto waone mifugo, akacheka sana akaniuliza "waone tu? wasile?" Akaniambia kitu kimoja: njooni kabla jua halijachomoza, na msiondoke mpaka lizame. Nikaona mzee anatupangia siku nzima, watoto wadogo hawa watachoka. Mke wangu ndo alisema tumsikilize mwenye mifugo.

Tukafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Juni shule zimefungwa, na baridi la Dodoma la Juni mnalijua, upepo unapita kwenye sikio kama wembe. Watoto wakaamkia "shikamoo babu", akaitikia "marahaba wajukuu zangu", alafu akawafundisha "mbukwa", salamu ya Kigogo, na mpaka leo dada mtu akiamka asubuhi anatusalimia hivo. Bibi akatoa chai ya maziwa ya moto, maziwa yamechemshwa mpaka yameweka utando juu.

Sasa kukamua. Wale ng'ombe wa kienyeji hawatoi maziwa hivi hivi, lazima ndama aanze. Kijana wa mzee anamfungulia ndama mmoja, anakimbia moja kwa moja kwa mama yake, ananyonya kidogo anagongagonga kiwele kwa kichwa, maziwa yakishashuka anavutwa anafungwa mbele ya mama yake, mama anabaki anamlamba, huku nyuma wanakamua chuchu mbili wanamwachia ndama mbili. Binti yangu akauliza, "kwahiyo tunamnyang'anya?" Mzee hakumdanganya. Akamwambia tunagawana mjukuu wangu, ndo maana chuchu zingine ni zake. Nilimpenda mzee tangu hapo, maana mi ningetafuta jibu la kumtuliza.

Dogo muda wote huo yupo shingoni kwangu amenikaba. Hatukumlazimisha kushuka. Mzee mwenyewe ndo alikataza, alisema muacheni, mtoto anaangalia kwanza, hata ndama hufanya hivo.

Saa tatu hivi kundi likatoka kwenda malisho, kipindi kile mavuno yameisha kwahiyo wanaingizwa mashambani kula mabua ya mtama na uwele. Hapa ndo nikaelewa kwanini wanaokwenda saa tano hawaoni kitu: wakubwa wote wameshaondoka. Wanaobaki nyumbani ni vitoto, ndama na vitoto vya mbuzi ambavyo haviwezi mwendo, na mbuzi mmoja mweupe mwenye mimba ambaye mguu ulikuwa umechomwa na mwiba.

Na kwa mtoto wa miaka mitatu hao ndo size yake. Tulitandika mkeka chini ya mbuyu, bibi akatupa karanga za kupukuchua, dogo akashuka mwenyewe akakaa katikati ya miguu ya mama yake. Vitoto vya mbuzi vikaanza kusogea vinataka maganda. Kimoja, cheusi kina alama nyeupe kwenye paji, kikasimama kabisa usoni kwa dogo. Nilitaka kukiondoa, mke wangu akanishika mkono. Wakatazamana pale. Alafu dogo akasema taratibu, "mama, jicho lake lina tundu la kuweka hela." Nikasogea nikaangalia, na kweli, mboni ya mbuzi sio duara kama yetu, imelala, mstari mnene mweusi ndani ya njano, kama tundu la kibubu. Nina miaka 37, nimekula mbuzi maisha yangu yote na sijawahi kuliona hilo. Akatoa ganda moja akaliweka kwenye kiganja, kikalichukua kwa mdomo, akakunja mkono haraka, akacheka. Akatoa la pili. Mpaka saa sita alikuwa ameshamaliza maganda ya bakuli zima.

Dada mtu yeye alishinda na yule mbuzi mgonjwa. Mzee akamfungua mdomo akamwonyesha, mbele juu hana meno, ni ufizi mgumu tu, meno ya mbele yapo chini peke yake. Akamfundisha kutofautisha na kondoo kwa mbali, mbuzi mkia umesimama, kondoo mkia umelala. Alafu mbuzi akalala akaanza kucheua, na mwanangu akagundua ukitulia unaliona donge linapanda shingoni kutoka chini mpaka mdomoni, anatafuna, anameza, kimya kidogo, linapanda lingine. Tulihesabu kutafuna kwa donge moja tukafika 47. Huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake ananiambia hatulii dakika tano.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda, watoto wakalala kwenye mkeka, wakapasua mabuyu. Hakuna kilichoendelea, na hiyo ni sawa, msione aibu kulala ugenini.

Jioni sasa. Saa kumi na mbili kasoro ukaanza kuona vumbi jekundu upande wa mashamba, kisha kengele, na vile vitoto vilivyokuwa vimelala vikasimama vyote kwa mara moja vikaanza kulia. Kule mbali mama zao wanajibu. Kelele ile siwezi kuielezea. Mzee akamwita dogo amsaidie kushika fito la mlango wa zizi, akalishika kwa mikono miwili. Mbuzi wakaingia wanakimbia, vitoto vinapita chini ya matumbo vinatafuta, na mbuzi jike akifikiwa ananusa kwanza kule mkiani, kama sio wake anampiga kikumbo, kama ni wake anatulia ananyonyesha. Dakika kumi na tano, zizi lote kimya, kila mtoto kashapata mama yake. Binti yangu alisimama pale hasemi kitu. Kwenye gari akauliza kama na sisi tunaweza kumtambua kwa kumnusa. Mama yake akamwambia ndiyo, na ni kweli.

Kwahiyo kama una siku moja, usiende saa tano ukapiga picha ukarudi saa nane. Nenda alfajiri ya kukamua na ukae mpaka jioni wanaporudi.

Gharama: mafuta, tulibeba sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni ya mche, unga wa ngano, na tukamwachia mzee elfu thelathini mkononi kwa heshima, hakuomba.

Kijana wa Majengo

Mkuu uzi mzuri ila nina swali la dhati. Hivi kweli tumefika hatua ya kulipia kuangalia mbuzi? Mi nimekua nachunga. Si umpeleke mtoto kwa bibi yake likizo mwezi mzima, atakamua mwenyewe.

Baba Wawili

Mkuu nakuelewa na nakubaliana na wewe nusu. Ambaye bibi yupo na zizi lipo, aanzie huko na asihangaike na uzi huu. Ila mama yangu alishatangulia, upande wa mke wangu wanaishi mjini, na wengi tuliohamia huku hatuna mtu kijijini. Wewe umekua unachunga, wanangu hawajapata hiyo bahati, na mi ndo wa kuwatafutia.

Mama Mapacha

Nimesoma mpaka mwisho chozi limenitoka hapo kwenye vitoto kutafuta mama zao. Nina mapacha wana mwaka na miezi minane, wanaweka kila kitu mdomoni. Niwapeleke au nisubiri?

Nesi Kanda ya Kati

Mama Mapacha, kwa umri huo mi ningesema waone wakiwa mgongoni, wasishike sana. Watoto chini ya miaka 5 ndo wanaumwa zaidi na vijidudu vya mifugo, kinyesi kinaweza kuwa na bakteria wa kuharisha hata kama mnyama mwenyewe anaonekana mzima. Nyonyo, chupa, biskuti, vyote viachwe kwenye gari, wasile wakiwa zizini. Mkitoka nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, sanitaiza peke yake haitoshi kama mikono ina uchafu. Kama hujui kuna maji beba dumu la lita kumi na sabuni yako, usitegemee bomba la mtu.

Maziwa: yachemshwe, hakuna mjadala. Huku kwetu bado watu wanapenda mabichi au mtindi uliogandishwa kwa mabichi na ndo njia mojawapo ya kupata brusela, homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria miezi. Na mjamzito akae mbali kabisa na mbuzi au ng'ombe anayezaa au aliyetupa mimba.

Lingine ni mbwa wa zizi, sio wa kuchezewa. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kupunguza, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msisubiri kuona mbwa anakuwaje.

Baba Wawili

Asante sana nesi. Kwenye ile safari ya kwanza binti yangu aliharisha siku mbili baadaye, siwezi kusema chanzo ni nini ila hatukunawa. Safari ya pili tulibeba dumu.

Mfugaji Kongwa

Naongezea upande wa wanyama maana wao hawana wa kuwasemea. Kwanza sungura habebwi kwa masikio, sijui nani alitufundisha hivo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unabeba makalio, miguu ya nyuma isining'inie, maana akirusha mateke hewani anaweza kuvunjika mgongo mwenyewe. Mtoto mdogo asimbebe akiwa amesimama, akae chini awekewe mapajani. Vifaranga hivyohivyo, viganja wazi kama anapokea maji, watoto wanabana bila kujua.

Pili, mikate, biskuti, ugali, unga, msiwape mbuzi na kondoo kwa wingi. Tumbo lao limezoea majani, wanga mwingi kwa mara moja unachacha, tumbo linajaa asidi, mnyama anaweza kufa usiku nyie mmesharudi mjini mnaangalia picha. Beba majani ya viazi au mabua, na muulize mwenye mifugo kwanza.

Tatu, usimpitishe mtoto nyuma ya punda, na usikae katikati ya ng'ombe na ndama wake mchanga hata kama ng'ombe ni mpole.

Kwa wenye watoto wakubwa kidogo, huku kwetu Kongwa kuna ranchi ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, na Mpwapwa kuna kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kilichoanza enzi za Wajerumani 1905, ndo walipozalishwa wale ng'ombe wanaoitwa Mpwapwa, mchanganyiko wa zebu wetu na damu ya nje. Ila hizo ni sehemu za kazi, unapeleka barua, hauingii na mkeka wako.

Mama Mapacha

Asanteni, nimehifadhi yote. Alafu na viatu je? Nimezoea kuwavalisha sendo.

Baba Wawili

Viatu vya kufunika kabisa na suruali ndefu. Miiba ya migunga huku inapenya ndala, mbuzi mwenyewe alichomwa sembuse mtoto. Asubuhi sweta na kofia ya sufu, saa nne unavua kila kitu, kwahiyo vaa kwa tabaka. Na kitambaa cha kufunika pua jioni kundi linaporudi, vumbi ni jingi, kama mtoto ana pumu kaeni upande upepo unakotokea.

Mgeni toka Dar

Mi nipo Dar, nawaza kuja nao kwa treni ya SGR, watoto wapande treni na waone ng'ombe safari moja. Inawezekana kwenda na kurudi siku ileile?

Baba Wawili

Kwa treni kufika utafika, ila alfajiri ya kukamua utaikosa na jioni utakuwa unakimbilia stesheni. Lala Dodoma usiku mmoja kabla na mmoja baada. Kama huna mwenyeji subiri Agosti, kuanzia tarehe 1 mpaka 8 kuna Nanenane, maonesho ya wakulima na wafugaji, viwanja vya Nzuguni, mabanda ya mifugo yapo, ng'ombe wa maziwa, mbuzi wa aina aina, na wafugaji wenyewe wapo unaongea nao. Nenda siku za katikati, tarehe 8 yenyewe mtoto ataona migongo ya watu tu. Na hapo banda kwa banda ukipata mfugaji mkarimu chukua namba yake, ndo unakuwa umepata mwenyeji.

Kijana wa Majengo

Mkuu nimerudi. Nimeusoma tena huu uzi usiku. Hilo la vitoto kusimama wote wakisikia kengele nilikuwa nimelisahau miaka zaidi ya ishirini. Nimempigia bibi yangu Bahi, Desemba nawapeleka wanangu.

Baba Wawili

Umenifurahisha sana ndugu yangu. Peleka mapema, kabla mvua hazijachanganya.

Taarifa kwa waliouliza kuhusu yule mbuzi mweupe. Siku ile binti yangu alimuuliza babu atazaa lini, babu akamwambia mbuzi anabeba miezi mitano na huyu bado kama miezi miwili. Kafika nyumbani kachora viboksi 60 kwenye daftari, kila usiku anakata kimoja. Jana vimebaki vitano mzee akapiga simu, kazaa mapacha, mmoja mweupe mmoja wa madoa, mguu umepona anatembea vizuri. Dogo alinipokonya simu akamuuliza babu kama mikia imesimama.

Tunakwenda Jumamosi, tunatoka Kisasa saa kumi na moja alfajiri. Kwenye gari kuna nafasi ya mtu mzima mmoja na watoto wawili, Mama Mapacha kama upo tayari nitumie ujumbe, dumu la maji nabeba mimi.